Mkao wa Pembetatu: Kuupanga Mwili Kuanzia Nyayo

Mkao wa pembetatu katika yoga, ambao kwa Kisanskriti huitwa utthita trikonasana, huonekana mwepesi kwa anayeutazama: miguu imetanuliwa, kiwiliwili kimelala upande, mkono mmoja uko chini na mwingine juu. Kwa hiyo wanafunzi wengi hukimbilia kugusa sakafu. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, mpaka msuli wa nyuma ya paja langu la kulia ukaanza kuuma pale unaposhikana na mfupa wa kalio, na maumivu hayo yalichukua miezi kadhaa kutulia. Ndiyo maana hapa tutaanzia kwenye nyayo, na mkono utafuata baadaye.

Simama peku mahali pasipoteleza. Mkeka wa ukindu uliotandikwa juu ya vigae utakuponyoka. Afadhali vigae vitupu, ambavyo pia vina mistari ya maungio itakayokusaidia kupanga miguu. Weka karibu nawe tofali la yoga (kipande chepesi cha kuegemezea mkono, si tofali la kujengea) au kigoda imara (si mbuzi ya kukunia nazi, maana nimeshamwona mtu akija nayo).

Hatua ya kwanza ni kutanua miguu. Kwa mtu wa kimo cha wastani, sentimita 90 hadi 110 kati ya nyayo zinatosha. Geuza mguu wa kulia wote uelekee nje kwa nyuzi 90, na unyayo wa kushoto uuingize ndani kidogo, kisha hakikisha kwamba mstari unaotoka kwenye kisigino cha kulia unapita katikati ya upinde wa unyayo wa kushoto.

Hatua ya pili ni goti, na hapa sipendi mtu aharakishe. Goti hufanya kazi kama bawaba: hukunja na kukunjua, lakini halina nafasi kubwa ya kuzunguka. Ukigeuza unyayo huku paja likibaki linatazama mbele, msokoto wote unaliangukia goti. Mzunguko uanzie kwenye nyonga, paja zima ligeuke, mpaka pia ya goti ielekee kidole cha pili cha mguu. Kisha kaza msuli wa mbele ya paja ili pia ya goti ipande juu, bila kulisukuma goti nyuma. Wenye viungo vilegevu hudhani mguu uliopinda kinyumenyume ndio ulionyooka. Hao walikunje goti kidogo sana kwanza, wakandamize shina la kidole gumba sakafuni, ndipo wakaze paja.

Hatua ya tatu, inua mikono hadi usawa wa mabega na uvute pumzi. Unapoitoa, nyosha kiwiliwili kuelekea kulia kama unayefikia kitu kilicho mbali juu ya rafu, huku nyonga zikisogea kushoto. Ukitaka kujua kama unainamia kwenye nyonga au kwenye kiuno, weka vidole kwenye mkunjo ulio juu ya paja la kulia: mkunjo huo unapaswa kuvibana vidole kabla mbavu za kulia hazijaanza kujikunja. Nyonga ya kushoto itaelekea mbele kidogo. Wako walimu wanaotaka nyonga zote mbili zibaki sambamba kabisa na ukuta. Mimi huiacha isogee, kwa sababu kuilazimisha hukaza kiuno na kulivuta goti la kulia lielekee ndani.

Hatua ya nne, teremsha mkono wa kulia uishie pale ambapo mbavu za pande zote mbili bado ni ndefu: kwenye muundi, kwenye tofali au kwenye kigoda, lakini kamwe si juu ya goti. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune nchini India aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyeeneza sana matumizi ya matofali, mikanda na kamba, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba tofali ni la wanaoanza. Jipime kwa kuinua mkono huo kidogo tu. Ukiyumba, ulikuwa umeuegemea.

Sasa inua mkono wa kushoto wima juu ya bega. Shingo ikiwa nzima, tazama kidole gumba cha juu. Ikiuma, au ukiwa na shinikizo la damu, tazama mbele. Mjamzito aegemeze mgongo ukutani. Kaa kwa pumzi tano hadi nane.

Kutoka, kandamiza kisigino cha kushoto na uinuke ukivuta pumzi, kisha rudia upande wa pili. Ukisikia mvuto mkali karibu na mfupa wa kalio, usingoje pumzi ziishe: kunja goti, inuka, na mara nyingine utumie kigoda kirefu zaidi.