Mtoto anayelia kila mkibadilisha shughuli

Kama una mtoto wa chekechea anayelipuka kila mkiacha kucheza mwende kunawa mikono, usikimbilie kusema ni mkaidi, mara nyingi hajui tu nini kinafuata. Tengeneza ratiba ya picha, yaani picha za shughuli zikifuatana kwa mpangilio, 4 au 5 zinatosha kabisa, ibandike usawa wa macho yake (sio ya kwako mwalimu!) na kila shughuli ikiisha mwache atoe picha yake mwenyewe. Mwambie mapema pia, ila "bado dakika 5" kwa mtoto wa miaka 3 ni hewa, bora "teleza mara mbili halafu tunanawa". Asiyesikia vizuri, hakikisha anakuona uso kwanza ndo uongee. Maneno machache, halafu subiri sekunde kama 10 kabla hujarudia, hapo ndo wengi wanashindwa.