Kumwandaa kijana mwenye ulemavu ajitegemee: anza na shati moja

Mwongozo huu ni wa wazazi, walezi na wahudumu wa kijana anayekaribia utu uzima. Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, kujitegemea. Ed Roberts, Mmarekani aliyeugua polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14, alipooza karibu mwili mzima. Mwaka 1972, yeye na wenzake walianzisha kituo cha maisha ya kujitegemea huko Berkeley. Alihitaji mikono ya wengine kila siku, lakini aliyeamua mikono hiyo ifanye nini alikuwa yeye.

Hatua ya 1: Muulize yeye.
Kijana mmoja niliyemhudumia hakuwa akisema kwa mdomo. Mama yake alitaka ajifunze kupika. Tulimpa picha kumi za mambo ya nyumbani achague, akaishika ya ufunguo na hakuiachia. Alitaka kufunga mlango wa chumba chake mwenyewe, tukaanzia hapo. Asiyesema hukujibu kwa picha, kwa ishara, kwa kukodolea kitu macho au kukisukuma mbali. Mpe muda wa kutosha.

Hatua ya 2: Kata kazi vipande.
Tuseme amechagua kufua shati. Lifue wewe kwanza, kalamu ikiwa karibu: teka maji, koroga sabuni, loweka, sugua kola, sugua kwapa, suuza, badilisha maji, suuza tena, kamua, kung'uta, tundika, bana vibanio. Watu wengi huandika vipande vinne tu, kisha hushangaa kwa nini kijana anakwama.

Hatua ya 3: Anzia mwisho.
Hapa ndipo wengi hukosea. Fua wewe mpaka shati liwe kambani, yeye abane kibanio cha mwisho. Akishaweza, abane vyote. Baadaye atundike, kisha akung'ute, mkirudi nyuma kipande kimoja kimoja. Hivyo kila siku anayemaliza kazi ni yeye. Ukimwanzishia mwanzoni atachoka njiani, utamalizia wewe, naye atazoea kwamba kazi zote huishia mikononi mwako.

Hatua ya 4: Ondoa mkono wako.
Mkono juu ya mkono wake, kisha mguso wa kiwiko, kisha kidole kinachoonyesha, kisha hakuna. Jihadhari zaidi na sauti yako. Ukisema "sasa suuza" kila mara, atakaa anangoja useme. Afadhali ubandike picha za hatua ukutani, kwa mpangilio, azifuate mwenyewe. Akisita, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia. Najua sekunde hizo kumi zinavyomuuma mzazi. Vumilia.

Kwa kijana ambaye mikono yake haiwezi kufua, somo ni kuelekeza: "Sugua kola tena," "Nataka lile la buluu." Msaidizi akikuuliza wewe shati gani livaliwe, mrudishe kwa kijana.

Hatua ya 5: Mwachie maamuzi na pesa.
Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 19, unatambua haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao. Haki hiyo huanza kuzoewa kwenye mambo madogo. Mpe kiasi cha pesa kilicho chake kweli. Akikimaliza kwa kitu cha ovyo, usimrudishie. Mkae pamoja mhesabu kilichobaki. Makosa ya namna hiyo yanafundisha. Moto, umeme, dawa na kuvuka barabara ni habari nyingine: kaa karibu mpaka afanye sawasawa siku kadhaa mfululizo bila kukumbushwa.

Hatua ya 6: Jaribuni kuachana.
Msingoje mzazi augue ndipo kijana akutwe peke yake kwa mara ya kwanza. Pangeni mapema: nani apigiwe simu, ufunguo wa akiba uko kwa jirani gani, umeme ukikatika afanye nini. Mara ya kwanza, saa mbili zinatosha. Toka, aufunge mlango yeye, na simu ikihitajika aipige yeye.