Kutoka Jiografia ya Kidato cha Nne hadi ya Kidato cha Tano: Anza na Ziwa Moja

Mwanafunzi anayeingia kidato cha tano kwa tahasusi (mchepuo wa masomo matatu) yenye Jiografia, kama HGL, HGE, EGM au CBG, hukuta somo lenye jina lilelile, ilhali kazi anayodaiwa ni nyingine. Kidato cha nne alitakiwa kutaja aina za maziwa na kueleza kwa ufupi jinsi kila moja lilivyofanyika. Sasa anatakiwa kueleza kwa nini jambo limetokea mahali fulani na si pengine, na kutoa ushahidi. Wengi hulikabili badiliko hili kwa kukariri notsi nyingi zaidi, na ndiyo maana insha zao hurefuka bila kupanda alama. Ninachopendekeza ni kuchagua eneo moja na kulichunguza mpaka mada za silabasi zikutane ndani yake. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, Ziwa Victoria linafaa sana.

Anza na jambo unalolijua tayari, kwamba ziwa hilo ni kubwa kuliko yote Afrika, kisha liulize swali. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, ilhali Victoria, kwa ukubwa wake wote, halifiki mita 90. Kwa nini? Jibu limo katika namna yalivyofanyika: Tanganyika limejaza ufa wenyewe wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lakini Victoria limekaa juu ya uwanda ulio kati ya matawi mawili. Ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka taratibu, mito kama Kagera na Katonga, ambayo zamani ilielekea magharibi, ilizuiwa na kugeuzwa, na maji yakatanda katika bonde pana lisilo na kina. Ushahidi bado upo ardhini, kwa kuwa baadhi ya vijito vya Katonga huungana na mto wao kwa pembe zinazoelekea magharibi, kana kwamba maji yangali yanakwenda huko. Mwanafunzi aliyeielewa hoja hii amekwisha kusoma kuinuka kwa ardhi, mifumo ya mito na uundaji wa maziwa kwa pamoja, na hatazichanganya mada hizo katika mtihani.

Endelea na hali ya hewa. Bukoba na Musoma zote zimo kando ya ziwa hilohilo, lakini Bukoba hupata mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya Musoma. Kabla ya kufungua kitabu, chora ramani ndogo, weka mishale ya upepo unaovuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, kisha jiulize ni mji upi unaofikiwa na hewa iliyokwisha kupita juu ya maji na kubeba unyevu. Zoezi hili lina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo ya jumla kuhusu mvua.

Katika jiografia ya watu, usitosheke kusema kwamba Malthus alihofia idadi ya watu kuzidi chakula na kwamba Boserup alimpinga, akisema watu wanapoongezeka hubuni njia za kuzalisha chakula zaidi. Zipeleke nadharia hizo kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, ambako uhaba wa ardhi uliwafanya wakulima wafuge ng'ombe mazizini, wakusanye samadi na kulima mashamba yaleyale mfululizo. Kisha uliza mpaka lini, maana hapo ndipo Malthus anaporudi mezani.

Hesabu nazo zisiogopwe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na ya mwaka 2022 watu 61,741,120, yaani ongezeko la asilimia 37.4 kwa miaka 10. Anayegawanya kwa 10 hupata asilimia 3.7 kwa mwaka, na hukosea, kwa sababu kila mwaka ongezeko huanzia kwenye idadi iliyokwisha kukua. Kiwango sahihi ni asilimia 3.2. Vivyo hivyo katika ramani ya kipimio cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1, mteremko wa mita 200 katika umbali wa sentimita 8 ni 1 kwa 20. Fanya hesabu za namna hii kila wiki, kwani ujuzi wa vitendo hupotea upesi usipotumika.

Kuhusu lugha, kwa kuwa mtihani huandikwa kwa Kiingereza, ni vyema kwanza ueleze chanzo na matokeo kwa Kiswahili mbele ya mwenzako, na ukishaeleweka ndipo uandike aya hiyo kwa Kiingereza. Mwisho, chukua swali la mtihani uliopita, andika insha bila kuangalia notsi, kisha pigia mstari kila sentensi isiyo na sababu, mahali au takwimu, na uiandike upya.