Somo: Kadi ya kamera inajaa kabla ya keki kukatwa

Kila wiki naulizwa swali hilihili, nifanyeje kadi isijae katikati ya sherehe, kwa hiyo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Hamisha picha, weka nakala sehemu mbili, ndipo ufute.

2. Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe.

3. Punguza uzito wa picha. Kwa kamera ya megapikseli 24, RAW moja (picha ghafi, kamera haijaichakata) hula kama MB 25 hadi 30, JPEG nzuri (picha iliyobanwa) kama MB 10. Mimi RAW ni za maharusi na ukumbi wenye taa mbaya. Wageni mezani, JPEG inatosha.

4. Pima kadi mpya kabla ya kazi. Hapa niliumia. Nilinunua kadi ya 128GB kwa bei ya kuvutia, kamera ikaisoma 128GB, nikaenda nayo kwenye send-off. Kila nilichopiga kilionekana kwenye skrini. Usiku nyumbani zikafunguka picha za mwanzo tu. Kuanzia binti alipoingia na mama yake, hakuna kitu. Kadi ilikuwa feki: ndani ina nafasi ndogo, ila imepangwa itaje kubwa. Programu za kurudisha picha hazikusaidia, maana picha hazikuandikwa popote. Pesa nilimrudishia yule mama. Picha sikuwa nazo za kumpa.

Basi tumia programu ya kupima kadi: H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Hujaza kadi yote, kisha huisoma upya. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Iache imalize, usipime kipande. Kadi iwe tupu. Na kufomati si kupima!

5. Beba 64GB mbili badala ya 128GB moja. Moja ikifa, hujapoteza shughuli nzima.

MASWALI

Mpigapicha Chipukizi: Kaka, nifanyeje kadi isijae haraka?
Jibu: Hatua ya 3.

Chipukizi: Sina muda wa kusoma yote.
Jibu: Mimi nilipata muda wa kuyaandika.

Dada wa Tanga: Kadi yangu ya 128GB, Windows inaonyesha 119. Nimeuziwa feki?
Jibu: Swali zuri, dada. Mtengenezaji anahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Baiti bilioni 128 kwa hesabu ya Windows ni 119 na ushee. Hiyo tofauti ni ya kawaida, lakini bado ipime.

Mzee wa Kamera: Yangu ya zamani inakataa 64GB.
Jibu: Shikamoo mzee. Inaelekea inapokea kadi za aina ya SDHC tu, ambazo mwisho wake ni 32GB. Juu ya hapo ni SDXC. Kadi haina kosa.

Fundi Video: Nyongeza: video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Hesabuni kabla ya kutoka nyumbani.

Dada wa Tanga: Mimi kadi iliyojaa naiweka kwenye kikoba ikiwa kifudifudi, nisije kuirudisha kwenye kamera.
Jibu: Hiyo naanza Jumamosi hii. Asante.