SOMO: Kali Linux kwenye flashi, na hifadhi iliyofungwa kwa nywila

Wakuu, kabla hujapakua chochote jiulize unataka kufanya kazi gani. Kali, mfumo endeshi uliorithi nafasi ya BackTrack mwaka 2013, ni wa kupima usalama wa mifumo. Tails ni ya faragha. Zote zimejengwa juu ya Debian, aina ya Linux, lakini moja haifanyi kazi ya mwenzake, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Somo hili ni la Kali inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta, huku kazi zako zikikaa kwenye sehemu (partition) iliyofungwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski kwa nywila. Tafuta flashi ya GB 16 au zaidi, USB 3.0. Hatua zote zinafanyika kwenye kompyuta yenye Linux. Na upime mifumo yako tu, au ile uliyoruhusiwa kwa maandishi.

1. Pakua, kisha hakiki. Chukua faili la ISO (mfumo mzima ndani ya faili moja) la Live, yaani linalowaka bila kusakinishwa (si Installer), pamoja na SHA256SUMS (orodha ya namba za kuhakiki) na SHA256SUMS.gpg (saini ya orodha hiyo). Ingiza ufunguo wa Kali kwenye gpg (programu ya kuhakiki saini), halafu:

`gpg --verify SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS`
`sha256sum --ignore-missing -c SHA256SUMS`

Amri ya pili peke yake haitoshi. Inaonyesha kwamba faili halikuharibika njiani, lakini aliyekubadilishia ISO anaweza kukubadilishia na orodha ya namba. Saini ndiyo inayomuumbua.

2. Andika kwenye flashi. Tekeleza `lsblk` (inaorodhesha diski) kabla na baada ya kuchomeka. Jina lililoongezeka ndilo la flashi. Hapa tuseme ni sdb.

`sudo dd if=kali.iso of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress`

Andika sdb, si sdb1. Ukikosea herufi, dd itafuta diski nyingine bila kukuuliza, kwa hiyo soma amri mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

3. Tengeneza sehemu ya tatu. ISO imeshachukua sehemu mbili. Fungua `sudo fdisk /dev/sdb`, bonyeza n, kisha p, kubali yanayopendekezwa, malizia na w. Sdb3 isipoonekana, chomoa flashi uichomeke tena, na uangalie `lsblk` upya kwa sababu herufi inaweza kubadilika.

4. Ifunge.

`sudo cryptsetup luksFormat /dev/sdb3`
`sudo cryptsetup luksOpen /dev/sdb3 hifadhi`
`sudo mkfs.ext4 -L persistence /dev/mapper/hifadhi`
`sudo mount /dev/mapper/hifadhi /mnt`
`echo "/ union" | sudo tee /mnt/persistence.conf`
`sudo umount /mnt`
`sudo cryptsetup luksClose hifadhi`

Amri ya kwanza inataka YES kwa herufi kubwa. Ukiandika yes inasitisha kazi. Jina persistence nalo usilibadilishe, maana Kali inatafuta jina hilohilo wakati wa kuwaka. Nywila ikisahaulika hakuna wa kukufungulia, kwa hiyo ongeza ya akiba kwa `sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sdb3`.

5. Washa. Zima Secure Boot (kinga inayozuia mfumo usiotambulika kuwaka) kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka, chagua flashi, kisha kwenye menyu chagua mstari wenye Encrypted Persistence. Jina la kuingilia ni kali, nywila kali. Badilisha mara moja kwa `passwd`.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikitumia Kali sionekani mtandaoni?
Jibu: Unaonekana kama kawaida. Anwani yako ya IP inatoka ilivyo. Kwa faragha chukua Tails: flashi ya GB 8, mawasiliano yote ya intaneti yanapitishwa Tor (mtandao unaoficha IP yako), na ukizima kompyuta inafuta kumbukumbu ya RAM. Yenyewe haihitaji uzime Secure Boot.

Swali: Basi si niweke nmap (zana ya kuchunguza kompyuta zilizo mtandaoni) kwenye Tails nipate vyote viwili?
Jibu: Haitakwenda. Tor inabeba TCP tu (mawasiliano yanayoanza kwa pande mbili kuunganishwa), tena miunganisho iliyokamilika. Nmap ukiiendesha kwa sudo inatuma pakiti ghafi za SYN (ombi tu la kuanza muunganisho), na hizo Tails inazizuia. UDP na ping, ambazo si TCP, nazo hazipiti.

Swali: Nina Kali ya zamani, apt update inalalamika NO_PUBKEY ED65462EC8D5E4C5 (yaani haina ufunguo wa kuhakiki saini).
Jibu: Kali walibadilisha ufunguo Aprili 2025. Weka mpya:
`sudo wget https://archive.kali.org/archive-keyring.gpg -O /usr/share/keyrings/kali-archive-keyring.gpg`

Swali: Kwenye VirtualBox (programu ya mashine pepe) sioni wlan0, yaani kadi ya waifai.
Jibu: Mashine pepe inaona kadi ya mtandao ya kuigiza, si waifai ya kompyuta yako. Nunua adapta ya USB yenye monitor mode (hali ya kunasa mawasiliano ya waifai yaliyo hewani), kisha ipitishe kwa mashine pepe kwenye menyu ya Devices. Ukiwasha kutoka kwenye flashi tatizo hili halipo, ingawa si kila kadi ya ndani ina monitor mode.

Swali: Nimefanya full-upgrade kwenye flashi, mbona keneli (kiini cha mfumo) ni ileile?
Jibu: Flashi inawaka kwa keneli iliyomo ndani ya ISO, na sehemu hiyo haiandikiki. Keneli mpya imekaa kwenye hifadhi ikila nafasi bure. Sasisha zana unazozihitaji tu. Ukitaka keneli mpya, andika ISO mpya na urudie hatua ya 3 na ya 4. Nakili kazi zako kwanza, maana dd itafuta jedwali la sehemu na hifadhi haitaonekana tena.