Asali moja, wateja wa sekta tofauti: ninavyouza

Nauza asali ya Tabora hapa Dar es Salaam. Ndoo ni ileile, ila mama wa nyumbani, mwenye bekari na mtengeneza sabuni kila mmoja ana shida yake.

Hatua ya 1: Uliza kazi kabla ya kutaja bei. Mama anataka uhakika kwamba haikuchakachuliwa. Bekari inataka ladha isiyobadilika kila wiki. Mtengeneza sabuni mara nyingi anatafuta nta, na inaniuma kuona wenzangu wakiitupa pamoja na machicha ya masega.

Hatua ya 2: Jua kipimo. Hapa ndipo hela inapotelea. Lita 1 ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 28 hivi. Mtaani tunauza kwa lita. Bekari huuliza kilo. Mwanzoni nilikubaliana na bekari moja shilingi 10,000 kwa kilo, nikahesabu ndoo kuwa kilo 20. Nikapokea 200,000 badala ya 280,000. Siku hizi sitoki bila mizani.

Hatua ya 3: Jibu hofu ya mteja kwa vitendo. Dada mmoja alinirudishia chupa iliyoganda: "Kaka, umeniuzia sukari." Niliitumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, tukaongea huku chenga zikiyeyuka taratibu mbele yake. Akaondoka na chupa mbili. Lakini usimwambie mteja kwamba kuganda ndiyo dalili ya asali safi. Hata iliyochakachuliwa inaweza kuganda. Mweleze tu kwamba ni kawaida, na uiandike kwenye lebo. Andika pia kwamba mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali. Hilo usiliache kamwe.

Hatua ya 4: Makaratasi. Hoteli na supamaketi wataulizia nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ankara na risiti. Kama ndiyo unaanza, pita kwanza ofisi ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wako.

Hatua ya 5: Mali kauli. Maduka mengi watataka uache mzigo, ulipwe ukiuzika. Kubali, ila uache kiasi ambacho kikichelewa kulipwa bado utaweza kununua ndoo nyingine kwa mfugaji. Mwenye duka asaini daftari lako siku ya kupokea. Mimi kila Ijumaa nakwenda mwenyewe kuhesabu chupa zilizobaki, nafuta vumbi, nazisogeza mbele ya rafu.