Jinsi ya kuumaliza msimu wa ligi ya ridhaa Edmonton bila kupoteza pointi mezani

Msimu wa soka wa nje Edmonton, jimbo la Alberta nchini Kanada, ni mfupi. Ligi za wakubwa huanza Mei na kuisha kati ya Agosti na Septemba, kisha baridi inafunga viwanja. Timu iliyoanza vibaya haina mzunguko mrefu wa kujirekebisha kama ilivyo Dar es Salaam au Mombasa: ukipoteza mechi tatu za mwanzo, umepoteza sehemu kubwa ya msimu. Na timu mpya za wanajamii, ziwe za Wakongo, Warundi, Watanzania au Wakenya, hupoteza pointi nyingi mno mezani, yaani kwa uamuzi wa ligi na si uwanjani, kwa sababu ya karatasi, hata pale zinapocheza mpira mzuri kuliko wapinzani. Ndiyo maana mwongozo huu unaongelea karatasi kuliko mbinu za uwanjani.

Kwanza ujue unaingia wapi. Juu kabisa kuna Canada Soccer, shirikisho la taifa. Chini yake kila jimbo lina chama chake, na hapa ni Alberta Soccer, halafu vinafuata vyama vya wilaya kama Edmonton District Soccer Association. Canadian Premier League, iliyoanza 2019, ni ya kulipwa, na ligi za nusu-kulipwa za majimbo (mathalani Quebec tangu 2012, Ontario tangu 2014, British Columbia tangu 2022) ni za klabu zenye leseni. Timu ya mtaani inaanzia wilayani, kwenye daraja la chini, na kupanda kutoka huko. Ukiwa na ndugu Vancouver, usifuate tarehe zake. Kule majira ya baridi ni mvua zaidi ya theluji, hivyo ligi kubwa ya wakubwa ya jiji huanza Septemba na kwenda hadi majira ya kuchipua.

Januari hadi Machi: usajili

Ratiba ya ligi inaandaliwa wewe ukiwa bado unazoa theluji mlangoni. Uliza mapema siku ya mwisho ya kuomba nafasi, ada ya timu, na dhamana, yaani fedha ambayo ligi inashikilia na kukata faini humo. Dhamana hurudi tu kama hukuingia mitini na hudaiwi.

Hesabu ya fedha ifanywe kwa ukali. Andika ada ya timu, ada ya kila mchezaji, dhamana, jezi, mipira, ukumbi wa mazoezi wa Machi na Aprili, na kiasi kidogo cha faini. Jumla yake igawe kwa watu 15 hata kama umesajili 20. Tuseme gharama zote ni dola 6,000. Ukigawa kwa 20, kila mmoja analipa 300, na watano wakikwama unabaki na shimo la dola 1,500 katikati ya Juni. Ukigawa kwa 15, kila mmoja analipa 400, na wote wakilipa una akiba ya dola 2,000 ya kulipia msimu wa baridi unaochezwa ndani ya majengo. Ambaye hajalipa asiingie kwenye orodha ya mechi, hata akiwa ndiye mfungaji bora. Ukimlegezea mmoja, wengine wote watangoja walegezewe.

Sasa jambo linalowaangusha wageni kuliko yote: uhamisho. Mchezaji aliyewahi kusajiliwa na klabu iliyo chini ya shirikisho la nchi nyingine hawezi kusajiliwa Kanada mpaka Cheti cha Uhamisho wa Kimataifa kipatikane. Ni ile ile ITC inayotajwa redioni kila dirisha la usajili, na inawahusu wa ridhaa kama inavyowahusu wa kulipwa, kuanzia umri wa miaka 10. Maombi yanatoka kwenu, yanapitia chama cha jimbo hadi Canada Soccer, nayo inaandikia shirikisho la zamani: TFF la Tanzania, FKF la Kenya, FUFA la Uganda, FECOFA la Kongo au jingine lolote. Aliyecheza ndondo tu mtaani, bila kusajiliwa popote, haihitaji.

Kaa na kila mchezaji, mmoja mmoja, umuulize maswali manne: Uliwahi kusajiliwa wapi? Klabu gani ya mwisho? Mwaka gani? Jina lako liliandikwaje kwenye fomu ile? Hilo la mwisho ndilo linalokwamisha. Kijana aliyesajiliwa Bujumbura kwa jina la baba, kisha akapewa hati za ukimbizi zenye majina yaliyopinduliwa na tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, hatapatikana kwenye kumbukumbu. Ambatisha majina yote mawili na tarehe zote mbili tangu mwanzo. Usimwache aandike “sijawahi” ili mambo yaende haraka. Picha zake akiwa na jezi ya klabu ya zamani zipo mtandaoni, na mpinzani aliyefungwa atazitafuta. Aliye chini ya miaka 18 ana masharti zaidi ya FIFA kuhusu sababu za familia kuhama, kwa hiyo suala lake lipeleke chama cha jimbo mapema kabisa.

Kikosi

Sajili 20 hadi 22, kama kanuni za ligi yako zinaruhusu. Kumi na sita hawatoshi. Wengi wako kwenye zamu za usiku, udereva wa malori au ulezi wa wagonjwa, na Julai ni mwezi wa harusi na safari za kwenda nyumbani. Weka makipa wawili wa kweli, maana mechi nyingi za daraja la chini hupotezwa siku ambayo beki amevaa glavu. Sheria za mchezo haziruhusu mechi kuanza upande mmoja ukiwa na wachezaji chini ya saba, na saba hao ni rahisi kuwakosa Ijumaa ya wikendi ndefu: Victoria Day mwishoni mwa Mei, 1 Julai, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na Labour Day mwanzoni mwa Septemba. Ratiba ikitoka tu, zizungushie tarehe hizo kalamu nyekundu.

Mbinu? Cheza 4-4-2 au mfumo wowote ambao watu 14 tofauti wanaweza kuucheza bila mazoezi mengi.

Vifaa, na mpira wenyewe

Jezi seti mbili za rangi zilizo mbali kabisa, mathalani nyeupe na bluu iliyoiva. Vilinda ugoko ni lazima kwa kila mchezaji, na soksi zivifunike. Pete, cheni na hereni vinavuliwa. Kuzifunika kwa plasta hakukubaliki. Soma kanuni kujua nani analeta nyavu na vibendera vya kona. Viatu viwe vya aina mbili, kwa sababu wiki moja mko kwenye nyasi za asili zilizolowa na wiki inayofuata kwenye nyasi bandia, na njumu ndefu kwenye nyasi bandia hung’ang’ania na kupinda goti.

Mpira ni namba 5: mzingo sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450, shinikizo la upepo kati ya anga 0.6 na 1.1. Nunua pampu yenye geji, kwa sababu baridi inanyonya upepo. Ukiujaza mpira sebuleni kwenye nyuzi 20 hadi geji isome 0.8, kisha ukae uwanjani kwenye nyuzi 5, geji itasoma karibu 0.7. Ukiujaza 0.65 nyumbani, uwanjani umeshuka chini ya kiwango na mwamuzi ana haki ya kuukataa. Mei na Septemba mipira ikae nje, kwenye buti la gari, saa moja kabla, halafu ndipo uipime na kuiongeza.

Mazoezi ya Machi na Aprili ni ya ndani, maana ardhi bado imeganda. Nje mkitoka, pasheni misuli dakika 20 hadi 25 mkiwa na suruali za mazoezi, mzivue dakika za mwisho. Misuli ya paja hukatika wiki mbili za mwanzo wa Mei, na anayekatika wakati huo anaweza kurudi nusu ya msimu ikiwa imekwisha.

Wiki ya mechi

Jumapili usiku tuma ujumbe wa kuulizia nani yupo, na Jumanne ufunge orodha. Hapa kuna mtego wa lugha yetu. Ratiba inasema 8:30 pm. Mtanzania anaandika “saa mbili na nusu usiku,” Mkongo aliyezoea kusoma saa kwa Kifaransa anaelewa vingine, na Juni yenyewe jua la Edmonton linazama karibu saa nne usiku, hivyo neno “usiku” halimsaidii mtu. Andika kwa tarakimu, kama ratiba ilivyo: 20:30, uwanjani 19:45. Mwishoni mwa Agosti jua limeshazama kabla ya hiyo 20:30, kwa hiyo mechi husogezwa mapema. Soma ratiba upya kila wiki.

Manispaa hufunga viwanja vya nyasi vikilowa sana. Angalia taarifa ya viwanja alasiri kabla watu hawajatoka kazini, na uangalie ya uwanja wenu hasa, kwa jina na namba. Ukiona mvua nyumbani kwako usijitangazie kuwa mechi imeahirishwa. Uwanja uko ng’ambo ya pili ya mji na unaweza kuwa mkavu. Usipotokea, ni 3-0 na faini.

Jaza orodha ya mechi nyumbani, ukiwa na kanuni pembeni na daftari la kadi. Daftari hilo ni muhimu kuliko ubao wa mbinu: jina, tarehe, kadi ya njano au nyekundu, mechi za adhabu zilizobaki. Mchezaji anayetumikia adhabu akicheza, hata dakika tano, pointi zinakwenda mezani. Na mamluki, yaani mtu anayecheza kwa kitambulisho cha mwenzie, ni kosa linaloweza kumfungia meneja mwenyewe. Mkiwa wanane, chezeni wanane.

Mwamuzi aongeleshwe na nahodha peke yake. Waamuzi wengi wa ligi hizi ni vijana wanaojifunza kazi, na matusi dhidi yao hupelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Usidhani Kiswahili kitakuficha, kwani sauti na kidole vinaeleweka katika kila lugha, na katika mji huu anayeelewa maneno yenyewe anaweza kuwa amesimama na kibendera mkononi.

Radi, moshi na kichwa

Alberta ya Julai ina radi za jioni na mvua ya mawe. Kanuni ni 30 na 30: kati ya mmweko na ngurumo zikipita sekunde 30 au pungufu, mchezo unasimama na watu wanaingia ndani ya jengo au magari yaliyofungwa. Chini ya mti hapafai, wala kwenye kibanda cha benchi. Mnarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena dakika ya 29, mnahesabu upya. Kama mwamuzi hajasikia, nahodha amwambie.

Moshi wa moto wa misitu ni wa kuchukuliwa kwa uzito uleule. Kanada inapima hewa kwa kipimo cha AQHI, kinachoanzia 1. Kuanzia 7 hatari ni kubwa, na hapo ndipo mechi zinapoahirishwa. Mwenye pumu asicheze hata kwenye 5 au 6 bila dawa yake ya kuvuta.

Aliyegongwa kichwa akaonekana kuzubaa, kuumwa kichwa au kutapika, anatoka na harudi siku hiyo, hata akiapa kuwa mzima. Kurudi kwake ni hatua sita, kila hatua isipungue saa 24, na kabla ya kugongana na watu tena anahitaji ruhusa ya daktari. Ontario ina sheria maalumu, Rowan’s Law, iliyopewa jina la Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 aliyefariki 2013 baada ya kuumia kichwa mara kadhaa katika raga ndani ya siku chache. Alberta au Ontario, ubongo ni uleule.

Viwanja vingi havina anwani inayoeleweka. Kwa kila mechi andika jina la shule au makutano ya barabara ya karibu, ili anayepiga 911, namba ya dharura, asibabaike. Wachezaji wajue pia kwamba bima ya afya ya Alberta hailipii gari la wagonjwa. Bili ya mamia ya dola huja nyumbani. Liiteni gari hilo panapohitajika, na timu iwe na mfuko wa kumsaidia aliyebebwa.

Agosti

Soma kanuni ya kulingana pointi kabla ya mechi tatu za mwisho. Ligi nyingine hutazama kwanza matokeo ya timu mbili zilipokutana, nyingine tofauti ya mabao, na kanuni hiyo ndiyo inayoamua kama mkiongoza 2-0 mnaendelea kushambulia au mnalinda. Hakikisha pia siku ya mwisho ya kuongeza wachezaji, kwani baada ya hapo orodha inafungwa na majeruhi hawana mbadala. Mkishinda mashindano ya jimbo katika ngazi ya juu, fainali za taifa huchezwa Oktoba, wanaume wakigombea Challenge Trophy na wanawake Jubilee Trophy.

Kabla ya mechi ya mwisho, kusanya jezi zote na uzihesabu kwa namba uwanjani pale pale. Ikitoka nje ya geti, jezi hairudi. Usajili wa msimu wa ndani, unaoanza Oktoba, hufungwa wakati wengine bado wanagombania nafasi kwenye jedwali. Lipa kwa ile akiba ya dola 2,000, na uombe ligi mapema ikupangie saa zisizogongana na futari, maana kwa miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya msimu huo.